Ridhaa ya Kimya

Posa yangu niliikubali nikiwa nasinzia. Msinicheke. Jumatatu ile niliamka kabla ya adhana kumgeuza mama, ambaye kiharusi kilimfisha upande wa kushoto tangu mwaka jana. Nikamwosha, nikampa uji, nikaenda hospitali kumalizia mazoezi yangu ya chuo, nikasikiliza shida za watu tangu saa mbili hadi saa tisa, nikarudi nyumbani nikamgeuza mama tena. Ndipo Ami Faki, ndugu wa marehemu baba yangu, akanikalisha mkekani kando ya kitanda cha mama akaanza kunieleza habari za Shukri, mtoto wa Bi Ruqaiya wa Mombasa. Ana duka la vifaa vya ujenzi. Ana nyumba ya ghorofa, na chini kuna chumba cha mama, na ameahidi kumtafutia mama mtu wa kumuuguza. Haringi, haswali kwa kujionyesha. Nikainamisha kichwa. Ami akauliza, "Wasemaje, mwanangu?" Mimi usingizi ulikuwa umeshanichukua zamani.

"Kimya cha mwanamwali ni ridhaa," akasema Ami. "Alhamdulillahi."

Niliposhtuka, mama analia kwa furaha na Fatiha imeshasomwa. Na kusema kweli, hata hapo sikufungua mdomo. Nguvu za kubishana ningezitoa wapi? Tena nibishane kwa ajili ya nani? Yule ambaye ningewabishia watu kwa ajili yake alikuwa ameshaniambia, miezi miwili iliyopita, kwamba yeye na mimi basi.

Wageni wa Mombasa wangekuja Alhamisi baada ya swala ya alasiri kupokea jibu na kutaja siku. Na Alhamisi hiyo hiyo asubuhi, kwa kuwa Mungu ana mambo yake, tulikuwa na mtihani wa ushauri nasaha.

Chuo chetu kipo hapa hapa Malindi. Tunasoma ustawi wa jamii, na humo humo wametutilia lugha, historia na maadili, hata kumgeuza mgonjwa kitandani, ili tukitoka tujue kumsikiliza mtu na kumwandikia ripoti isiyomvunjia heshima. Mtihani wa ushauri hauandikwi. Wawili wanakaa mbele ya darasa, mmoja mshauri, mmoja mteja. Mteja, kama kwamba kaja kununua vitunguu! Mteja hutunga shida yake nyumbani akaja nayo. Mshauri kazi yake ni kusikiliza na kumrudishia yale aliyoyasema. Haruhusiwi kumpa rai, haruhusiwi kumhukumu, wala haruhusiwi kuingiza mambo yake mwenyewe. Ukiingiza yako, alama zinakwenda na maji.

Mwalimu Nyale alitia majina yetu ndani ya kopo la maziwa ya unga, akawa anatoa mawili mawili. Mimi nilikuwa nyuma na rafiki yangu Kadii, nimeegemea ukuta, natunga shida ya mke aliyegombana na jirani kwa ajili ya bomba la maji.

"Mteja, Lubna," akasoma mwalimu. "Mshauri, Kalume."

Moyo wangu ukafanya pa! Kadii akanifinya paja. Sikujua hata kama amesharudi, kwani miezi miwili yote alikuwa Ngomeni kwa mazoezi yake, na namba yake nilikuwa nimeifunga. Nikamwona anainuka safu ya mbele. Amekonda. Shati lake la buluu limepauka mabegani kwa jua, na ndevu zimemjaa. Nilisema moyoni, mimi huyu simpendi tena. Wallahi nilisema hivyo, na huku nalitengeneza buibui langu.

Tukakaa viti viwili, tumeelekeana. Alinitazama mara moja, akateremsha macho kwenye mikono yake.

"Karibu, dada," akasema. "Naitwa Kalume. Nikuite nani?"

"Jina langu unalijua."

Mwalimu Nyale akakohoa.

"Lubna," nikasema.

"Ahsante, Lubna. Nini kimekuleta leo?"

Nilikuwa na jirani yangu na bomba lake la maji, tayari kabisa. Lakini mtu aliyechoka hana mlinzi mdomoni. Nikafungua kinywa likatoka jingine.

"Nimeposwa," nikasema.

Kalamu ya mwalimu ilisimama kidogo kisha ikaendelea. Kalume hakutikisika.

"Umeposwa," akarudisha, kama tulivyofundishwa.

"Jumatatu. Ami yangu akaniuliza wasemaje, mimi sikusema kitu. Wakasema nimeridhika."

"Nasikia unasema kwamba hukusema kitu, wao wakahesabu kimya chako kuwa ni ndiyo."

"Nilikuwa nimelala."

Darasa zima likacheka. Kadii ndiye aliyecheka kuliko wote. Kalume peke yake hakucheka.

"Umechoka," akasema.

Neno hilo tu. Jamani, miezi miwili hakuna mtu aliyeniambia hivyo! Watu huniambia Mungu akupe nguvu, huniambia pepo ya mtu iko chini ya nyayo za mamake, huniambia wewe Lubna mashallah hodari. Hakuna aliyenitazama usoni akaniambia umechoka. Machozi yakanijaa, nikayafuta kwa ncha ya buibui.

"Nimechoka," nikasema. "Nimechoka mpaka mifupa."

Akaniacha nilie kidogo. Hata hilo tulifundishwa, kwamba mteja akilia usimkatize. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na huyo aliyekuposa, moyo wako unasemaje juu yake?"

"Moyo wangu haumjui. Ni mtu mzuri. Sina baya la kumsema."

"Hapakuwa na mwingine?"

Sijui swali hilo lilikuwa la mshauri au lake mwenyewe. Mwalimu aliandika kitu.

"Palikuwapo," nikasema. "Nilimpenda, na namwambia hapa mbele ya watu kwa kuwa sina tena cha kuficha. Nilimpenda mpaka nikagombana na kwetu. Ami yangu alisema mtu hatoki Lamu akenda kuolewa mashamba ya Adu. Nikamwambia huyo mtu, njoo useme na watu wangu. Akasitasita. Mara watanidharau, mara ngoja nimalize chuo. Siku ya mwisho, kabla hajaondoka kwenda mazoezini, nikamwambia sitaki hotuba. Nipe neno moja nijue la kufanya. Akanipa."

"Akakupa neno gani?" akauliza.

"Wewe unaniuliza?"

"Nauliza mimi mshauri."

"Alisema, namala uwe. Basi. Nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu. Mtu akishakwambia amekumaliza, wangoja nini tena?"

Nikaona wenzangu wanatazamana. Mwalimu Nyale, Mgiriama wa Ganze, aliweka kalamu mezani. Nami nikadhani wamenionea huruma, kumbe wapi!

Niwaeleze. Mimi nimelelewa Lamu na bibi yangu mzaa mama, Bi Tumu, nikaja Malindi nimeshakuwa mkubwa. Bibi yangu akiwa anafagia ua ukimwita, atakujibu, "Ngoja, namala." Yaani namaliza. Uwe ni wewe, hilo nalijua, na namala kwangu mimi halina maana nyingine.

Kalume alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. "Nasikia unasema," akaanza, akarudia tena. "Nasikia unasema kwamba alikwambia namala uwe, na wewe ukasikia amekwisha nawe."

"Si ndivyo alivyosema?"

Akamgeukia mwalimu kama mtu anayeomba maji. "Mshauri haruhusiwi kuingiza yake," akasema.

"Haruhusiwi," akasema Mwalimu Nyale. "Zimebaki dakika tatu. Endeleeni."

"Mwalimu!" Kadii aliruka kule nyuma mpaka kiti kikaanguka. "Mimi si mshauri, mimi naruhusiwa! Lubna we, umetuua leo! Kumala kwetu ni kutaka! Mtoto wa Kigiriama akitaka maji asema namala madzi. Amekwambia anakutaka wewe, mwenda wazimu!"

Darasa likalipuka. Wengine wakapiga meza, wengine wakapiga vigelegele, na mwalimu akawa anagonga kopo lake la maziwa kutaka utulivu huku naye anajikaza asicheke. Mimi nilikaa pale nimeduwaa. Namala uwe. Nakutaka wewe. Miezi miwili nimelia kwa neno hilo, nikalila na kulitapika, na kumbe ndilo nililokuwa nikilisubiri! Na mimi ndiye niliyepata alama za juu kuliko wote katika somo la lahaja. Aibu iliyonishika, ardhi ingepasuka ningeingia na viatu vyangu.

Kalume ndiye pekee aliyebaki kazini.

"Lubna," akasema taratibu, "baada ya kuyasikia hayo, sasa unaonaje?"

Nikainuka nikatoka nje.

Alinikuta nyuma ya madarasa, penye tangi la maji. Nilikuwa nanawa uso. Akasimama mbali kidogo, mikono mifukoni, kama kawaida yake akiwa hajui aanzie wapi.

"Kwa nini hukusema Kiswahili?" nikamuuliza.

"Ulitaka neno moja. La moyoni halikuja kwa Kiswahili."

"Na nilipoondoka kwa nini hukunifuata?"

"Nilikwambia nakutaka, ukachukua mkoba ukaenda. Nikapiga simu, umenifunga. Ningefahamu nini, Lubna? Nilijua nimekataliwa. Kule Ngomeni nilikuwa nikiwasikiliza watu wazima wakilia mchana kutwa, nikirudi chumbani nashukuru kwamba nimechoka, kwa sababu nilikuwa sina nguvu ya kukufikiria. Halafu nakufikiria vile vile."

Nikacheka na kulia pamoja. Nilitamani nimshike mkono, nikaushika mfereji wa tangi badala yake.

"Basi njoo leo," nikamwambia. "Wageni wanakuja baada ya alasiri. Njoo kabla yao. Njoo na mjomba wako, njoo na yeyote, sema na ami yangu."

Akatikisa kichwa. "Siwezi."

"Umeanza tena!"

"Sikiliza kwanza. Umeshaposwa. Haifai mtu kuposa juu ya posa ya nduguye Muislamu. Wewe wajua hilo kunishinda mimi, wewe ndiwe mtoto wa madrasa. Nikija leo nitakuwa nimeingia kama mwizi, na ami yako atakuwa na haki ya kunifukuza. Maisha yangu yote katika nyumba ile nitakuwa mwizi."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Posa ya yule ijibiwe. Na jibu hilo mimi siwezi kukujibia."

"Kalume, mimi sina nguvu. Umesema mwenyewe nimechoka. Hebu nisaidie hata kidogo!"

"Naona umechoka. Na bado siwezi." Macho yake yalikuwa mekundu. "Ukisema ndiyo, nitakwenda zangu na nitakuombea heri, na sitakulaumu, kwa sababu najua kuna chumba cha mama yako. Kadii ameniambia sasa hivi. Mimi sina chumba cha mama. Nina shamba la babangu Adu, na mama yangu anayesema mwanamke wa mjini hajui kushika jembe."

"Ni kweli sijui."

"Nilimwambia utajifunza."

"Muongo wewe. Hujamwambia kitu."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Meno yale! Nikatazama pembeni. "Ukisema hapana," akasema, "leo leo nitavaa viatu nije kwenu."

Basi ikawa ni juu yangu mimi, na mimi maisha yangu yote sijawahi kumwambia mtu mzima hapana.

Nilifika nyumbani nikamgeuza mama, nikamfunga leso mpya, nikampaka wanja kwa kuwa aliutaka. Alikuwa na furaha kama bi harusi ni yeye. "Shukri asema chumba kina dirisha linaloangalia barabara," akaniambia. "Nitakuwa nawaona watu wakipita." Nikapiga kahawa, nikapanga halua kwenye sahani, na kila nikimtazama mama moyo unanikatika.

Wageni wakaja. Bi Ruqaiya, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na wazee wawili wa kiume. Nikawaamkia shikamoo, wakaniitikia marahaba. Ami Faki akawakalisha chumbani mwa mama, ili naye awepo. Wakanywa kahawa, wakasifu halua. Kisha mzee mmoja akasafisha koo akasema wamekuja kwa lile jambo la kheri, na Ami akasema wasiwe na shaka, binti ameulizwa na ameridhia.

"Sikuridhia," nikasema.

Ami alidhani hakusikia vizuri. "Wasemaje?"

"Nasema, ami, niwie radhi. Sikuridhia. Jumatatu sikusema kitu kwa sababu nilikuwa nimelala."

"Umelala?"

"Wallahi nilikuwa nimelala. Nimekaa, lakini nimelala. Na baada ya hapo nikaogopa kusema. Shukri ni mtu mzuri na nyinyi ni watu wema, na mimi siwezi kuwaingilia nyumbani mwenu na moyo ambao haupo. Nisameheni kwa kuwachosha safari."

Nilisema yote hayo nikitazama sahani ya halua. Ami Faki uso ulimwiva. Alinigeukia, na nilijua yanakuja ya kunivunja mifupa, lakini Bi Ruqaiya akamtangulia. Aliweka kikombe chini polepole.

"Muache, Sheikh Faki," akasema. "Imeniuma, siwezi kusema haikuniuma, nilishampenda. Lakini bora kalisema leo. Wengine hulisema wana watoto watatu." Akajifunga buibui lake. Alipopita akanishika kidevu. "Lala, mwanangu. Uso wako mbaya."

Ami aliwasindikiza nje. Aliporudi hakuingia chumbani, akasimama mlangoni. "Umenivua nguo mbele ya watu," akasema. "Babako angekuwa hai ungemfanyia hivi?" Akaondoka, kahawa yake hajaimaliza.

Nikabaki na mama. Alikuwa amegeuza uso ukutani, na wanja wake umeshuka mpaka shavuni.

"Ni nani?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Mtu hakatai ghorofa bure."

"Kalume. Mtoto wa mzee Thoya. Wa Adu."

"Mgiriama."

"Muislamu, mama. Ananizidi kuswali."

"Sikuuliza swala yake." Akahema. "Nimechoka kulala, Lubna. Nawe umechoka kunigeuza, nakusikia asubuhi unavyougua ukiinuka. Niliona Mungu ametufungulia mlango sote wawili, ukaufunga. Mtu wa kuniuguza je? Dirisha langu je?"

Nikapiga magoti kando ya kitanda nikalia bila kujizuia, kilio cha miezi miwili na cha mwaka mzima. Nikambusu mkono ule usiosikia kitu, kisha ule unaosikia. "Nisamehe, mama. Sina dirisha la kukupa. Nipo mimi tu."

Nikadhani amelala. Nikataka kuinuka kuondoa vikombe.

"Huyo wa Adu," akasema, bado kaelekea ukutani. "Mlisoma pamoja hayo ya kugeuza wagonjwa?"

"Darasa moja, mama."

"Wewe ulipofundishwa, wiki ya kwanza ulinitegua bega."

"Yeye alinipita alama."

"Mtu wa Shukri angekuwa mtu wa kuajiriwa. Mkono wa kuajiriwa huwa baridi." Akavuta pumzi. "Mkwe ni mwana. Akishakuoa hana haramu ya kunishika."

"Ndiyo, mama."

"Mwambie aje. Akamtake radhi ami yako kwanza, wamalizane. Halua asinunue, hii ya leo imebaki tele. Kisha apite huku ndani nimwone hiyo mikono."